Kuonja Mbele ya Mgeni

Mwezi wa nane uliopita nilimpeleka binti yangu Belise chuoni Amherst, na kwa kuwa kutoka Amherst kwenda Buffalo ni mwendo wa kuchemsha chai, sikubaki na kisingizio cha kutomwona Nadine. Kwa miaka mingi tulizungumza kwa simu tu, siku za Krismasi na siku za misiba, na kila mara nilikata simu bila kusema nililokusudia kusema. Tulitoka Highview, mtaa wetu wa Louisville, alfajiri, gari limejaa mablanketi, masufuria na kifriji cha Belise, yeye mwenyewe ameziba masikio kwa muziki. Tulipoanza kuikaribia Columbus nikanyamaza. Belise aliniuliza kwa Kiingereza kama naumwa, nikamjibu kwa Kiswahili kwamba barabara ina magari mengi. Haikuwa na magari mengi. Nilikuwa napanga maneno. Mguu wa kushoto wa Nadine haukunjiki goti tangu mwaka ule tuliofanya kazi pamoja, na mimi najua jambo kuhusu mguu huo ambalo yeye halijui, au ndivyo nilivyoamini nikiwa njiani. Nilikuwa nimeapa kwamba safari hii nitamwambia, hata kama atanifukuza nyumbani kwake mbele ya mtoto wangu.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na Marekani nilikuwa na mwaka mmoja. Nadine, Mkongomani wa Uvira, alinizidi miaka sita, kwa hiyo nilimwita yaya, kama wao wanavyowaita dada zao wakubwa. Tulipanga chumba kimoja Columbus. Mimi nilifanya kazi ghalani, kusimama kwa muda wa saa kumi kila siku, jioni navua viatu huku nimeshikilia ukuta. Yeye alikuwa na leseni na gari, akisafisha nyumba za wahandisi wa Kijapani katika mji mdogo ulio mwendo wa saa moja kutoka kwetu, penye kiwanda cha vipuri vya magari. Siku moja alimkabidhi mama mmoja wa Kijapani funguo kwa namna tuliyolelewa nayo sote, mkono wa kulia unatoa, wa kushoto umeshika kiwiko. Yule mama hakuzipokea funguo mara moja. Aliutazama ule mkono, akauliza ni nani aliyemfundisha. Nadine akasema hakuna, kwao ndivyo mtu anavyompa mtu kitu. Wiki iliyofuata tulikuwa na kazi mpya, sote wawili, na kazi yenyewe ilikuwa ya kukaa kitini.

Baa ya yule mama, Mama Kimie, ilikuwa nyuma ya duka la kufulia nguo, jengo fupi lisilo na dirisha hata moja. Watu wa mji ule walipita mbele yake miaka yote bila kujua ni nini, maana kibao chake kilikuwa cha herufi za Kijapani tu, kidogo kama sahani. Ndani kulikuwa na kaunta ya viti vinane, meza nne, makochi ya mahameli mekundu, mashine ya kuimbia, na zulia lililomeza sauti ya viatu hadi ukashtuka mtu amesimama nyuma yako. Palinuka sigara na ngisi mkavu wa kuchoma, ambaye Nadine alimwita ndagala, yaani dagaa, ya Wajapani na kumla kwa siri kwa tonge la ugali tulioubeba kutoka nyumbani. Mama Kimie alikuwa mjane wa mwanajeshi wa Kimarekani. Wasichana wake wa Kijapani walikuwa wamerudi kwao, Wafilipino wawili waliofuata wakaolewa, na sasa alikuwa na sisi. Alitufundisha kumpa mgeni taulo la moto akiingia tu, kufuta jasho la glasi kabla halijadondoka mezani, kukaa magoti yamebanana, na kutomwacha mgeni ajimiminie mwenyewe hata tone. Hatukuguswa. Kwa hilo alikuwa mkali, na mgeni aliyejisahau alipelekewa koti lake bila maneno.

Kilichotushinda kuelewa ni bei. Mgeni alilipia kukaa, kisha akalipia saa, akalipia karanga ambazo hakuziomba, akalipia na chai yangu baridi iliyomiminwa kwenye glasi ndogo ili ionekane pombe. "Bon, mutu analipa juu ya kukaa?" Nadine aliniuliza siku ya kwanza tukiwa jikoni. "Hata hajaweka kitu mu kinywa?" Mama Kimie, alipoulizwa kwa upole, alisema wanaume hawa wamekaa mwaka mzima katika mji ambao hakuna mtu anayeweza kutamka majina yao. Hawanunui whisky, alisema, wananunua mtu wa kukumbuka wanapenda barafu ngapi. Niliona ni wizi wenye adabu. Leo, baada ya kufanya kazi ya kutunza wazee Louisville na kuona mtu anavyolia kwa sababu umekumbuka jina la mbwa wake, sina uhakika tena.

Nyuma ya kaunta zilipangwa chupa. Kila mgeni wa kudumu alinunua chupa nzima, jina lake likaandikwa kwenye kikadi kilichofungwa shingoni, akanywa kidogo, akaiacha, akairudia baada ya wiki mbili au mwezi. Hapo ndipo mimi na Nadine tulipogoma. Kwetu Burundi, na kwao Kivu zaidi, chupa hufunguliwa mbele ya macho yako. Mtu akikuletea iliyofunguliwa jikoni, unainuka unaaga. Watu wamekufa, au inasemekana wamekufa, na hakuna mama aliyemlea mwanawe bila kumtisha kwa habari za sumu. Kumpa mgeni kinywaji kutoka chupa iliyolala wazi mwezi mzima miongoni mwa watu ilikuwa kama kumkabidhi nyoka. Kwa hiyo jioni ya kwanza Nadine alipommiminia Bwana Hayashi, mhandisi mzee mwenye nywele nyeupe, alifanya kama tunavyofanya nyumbani. Aliinua glasi, akaonja yeye kwanza, akameza huku mgeni anamwona, ndipo akampa kwa mikono miwili. Mama Kimie alitoka nyuma ya kaunta uso umemkauka. Nadine akamweleza kwa Kiingereza chake cha vipande kwamba hivyo ndivyo mgeni anavyoambiwa yuko salama. Bwana Hayashi aliposikia aliweka mikono juu ya magoti, akainama hadi paji la uso likagusa ukingo wa meza, kisha akanywa.

Kuanzia hapo ikawa desturi ya nyumba. Wageni walikuja kutoka viwanda vingine, wengine wakitokea hata upande wa Columbus, ili waonjewe. Mama Kimie akapandisha bei, bila shaka. Sisi tulikuwa watu wa kanisa, Nadine akiimba kwaya, na kanisani tulikuwa tumesema tunafanya kazi hotelini. Nadine alisema kuonja si kunywa, Mungu anajua kupima. Tulicheka sana mwaka ule. Lakini nataka ieleweke kwamba hatukuwa tunacheza. Kila nilipomeza mbele ya mtu nilikuwa namwambia, kwa lugha ambayo sote wawili tuliielewa, kwamba nikifa tutakufa wote. Sijawahi kutoa ahadi nzito kuliko ile, na niliitoa mara kumi kwa jioni moja, kwa wanaume ambao sikujua hata wana watoto wangapi.

Baada ya mwaka mpya Mama Kimie alianza kukohoa damu, akalazwa, na baa ikashikwa na mtoto wa marehemu mumewe, Deriki. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, mwenye sauti ya chini na kucha safi. Sijui kwa nini kucha zake zilinitisha. Alianza kufunga mlango wa mbele kwa ufunguo wageni wakishaingia, ili tusisumbuliwe, alisema. Jikoni nilimsikia kwenye simu akimwambia mtu kwamba wanaume wale huwa hawasomi wanachosaini, na aibu haitawaruhusu kuuliza kesho yake. Kisha wageni wakaanza kuwa wazito. Watu waliozoea kuimba hadi mishipa ya shingo itoke walikuwa wanalala midomo wazi saa mbili baada ya kuingia, Deriki anawashika mkono taratibu kuwasaidia kutia saini bili, kisha anawaita teksi. Nadine alisema ni baridi na kazi nyingi. Mimi niliona chupa ambazo tuliziacha nusu jana, leo zimejaa hadi shingoni, na sikusema kitu.

Ijumaa moja nilionja glasi tatu za chupa moja, na kitu cha nne ninachokumbuka ni dari ya stoo. Nilikuwa nimelala juu ya magunia ya mchele, kiatu kimoja hakipo mguuni, na Deriki amekaa juu ya kreti ya bia ananitazama kama mtu anayengoja basi. Sijui nililala muda gani. Aliniokotea kiatu, akakiweka karibu na mkono wangu, akaniambia polepole, ili nielewe kila neno, kwamba nimechoka kwa sababu nakunywa kisichokuwa changu. "Kuanzia leo lowesha midomo tu," alisema. "Hakuna atakayeona." Ndipo nilipoelewa kwamba chupa zile zinatiwa dawa. Nikamuuliza kuhusu Nadine. Akasema Nadine ana mwili mkubwa, na zaidi ya hapo ana mdomo mkubwa, na kama sisi wawili bado tunangoja karatasi zetu za ukaazi basi ni vizuri asiwe na la kusema. Alipotoka alizima taa, nami nikiwa bado ndani.

Ningeweza kuandika kwamba niliogopa, na ni kweli niliogopa. Nilidhani mtu yule anaweza kuinua simu na kunirudisha Kigoma, kwenye kambi ya wakimbizi nilikotoka. Lakini nimefika umri wa kutojidanganya. Nilinyamaza pia kwa sababu nilipenda lile kochi jekundu. Nilipenda kuvaa gauni, kuulizwa hali yangu na watu waliosoma, kula wali wa moto saa kumi na moja jioni nikiwa nimekaa, baada ya mwaka wa kusimama kwenye zege. Nadine angejua, angepiga kelele siku hiyohiyo, na kesho yake ningekuwa ghalani. Nilijiambia nitamwambia Mama Kimie akipona. Nilijiambia Nadine kweli ana mwili mkubwa. Kwa siku nane nilikaa naye ndani ya gari moja, kwenda na kurudi, tukala sahani moja, tukalala chumba kimoja, na sikumwambia.

Kuonja kwa uongo ni rahisi. Unainua glasi, unaziba mdomo, unaachia kinywaji kikuguse, unashusha glasi na kutabasamu. Bwana Hayashi aliniinamia kama kawaida. Katika siku zilezile Nadine naye akabadilika. Alianza kuninyang'anya glasi mkononi, anaonja yeye, anampa mgeni wangu yeye, hata wageni wakacheka. Nilidhani anataka kupendwa peke yake. Nilimchukia kidogo, na chuki ile ilinisaidia kunyamaza. Jikoni hakuniacha nibebe kreti. Alinimiminia maziwa akanisimamia hadi niyamalize, akidai rangi yangu imekuwa mbaya. Nikajisemea huyu sasa amejifanya mama yangu.

Jumamosi ya siku ya nane ilikuwa ya kumuaga Bwana Hayashi, aliyekuwa anarudi kwao kwa kudumu. Walikuja watu kumi na wanne, mchana, theluji imelala nje na jua limewaka juu yake, ila ndani ya baa ile mchana ulikuwa haujulikani. Deriki alifunga mlango. Tulipika mayai ya kukunja, tukachoma ngisi, Bwana Hayashi akasimama kutoa hotuba na kulia katikati. Kila mtu alitaka kunywa kutoka chupa yake, na kila mtu alitaka kuonjewa mara ya mwisho. Nadine alichukua meza zote. Kila nilipoinua glasi mkono wake ulikuwa umefika. Nilimwona anameza. Nilihesabu hadi glasi ya tisa, kisha nikaacha kuhesabu kwa sababu kuhesabu kulikuwa kunaniita niseme. Saa kumi na moja tulipovaa makoti alikosa mkono wa koti mara mbili, akacheka. Nikamuuliza kama anaweza kuendesha, nikijua jibu lake, nikijua pia kwamba mimi sina leseni na kwamba Deriki amesimama mlangoni na ufunguo. "Mi niko muzuri," alisema. "Panda, nikufikishe."

Niliongea njia nzima. Niliimba pambio zote za kwaya. Nilimfinya bega. Nilimwambia tusimame, akasema tukisimama tutaganda kwa baridi. Katikati ya mashamba kichwa chake kilishuka kifuani taratibu sana, gari likaacha barabara, likaruka mtaro, likagonga ukuta wa kidaraja upande wake. Kilichofuata ni kimya na harufu ya mpira. Watu wa ambulansi walipofika mlango wake ulikuwa umemkunjikia mguuni, na mimi nimekaa kwenye theluji naumwa bega tu. Nadine aliwapigia kelele kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa, kwamba waanze na mimi. Waliponiacha na kumrudia yeye aliwasukuma kwa mikono. "Muanze na yeye," alisema. "Mi nitangoja." Kwa miaka yote hii nimeisikia sauti hiyo na kudhani ilikuwa upendo wa kawaida, wa mtu mkubwa kwa mdogo wake.

Polisi walipima, wakakuta pombe, wakaandika pombe. Hakuna aliyetafuta zaidi, nami sikumpa mtu sababu ya kutafuta. Leseni yake ikachukuliwa. Mama Kimie alifariki kabla theluji haijayeyuka, na Deriki akauza jengo. Nilimtembelea Nadine hospitalini mara mbili, kisha watu wa kanisa wakanipatia kazi Louisville nikakimbia, sina neno jingine. Yeye alihamia Buffalo kwa kaka yake. Miaka mitatu hatukuongea. Nilipopata ujasiri wa kumpigia simu nilikuwa nimeolewa na Belise anatembea, na Nadine alipomsikia mtoto kwenye simu alilia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Anakaa ghorofa ya pili karibu na Grant Street, juu ya duka la kutuma pesa, na ngazi zile anazipanda mguu mmoja mmoja. Tulifika saa nane mchana. Alikuwa amepika fufu, sombe, yaani kisamvu, yenye mawese mengi, na samaki mzima. Alimshika Belise mashavu, akamgeuza, akamtazama masikio, akamtazama vidole, kama mtu anayekagua kitu alichokiweka kwa mtu akitunze. Wakati wa kula alimtolea macho ya samaki, heshima ambayo sijawahi kuona anampa mtu. Alimwambia majirani wote wanajua anakuja, na kwamba akiwa Amherst jumapili zote ni za hapa, chumba kipo, ufunguo huu hapa. Belise, ambaye kwa kawaida hujibu kila kitu kwa neno moja la Kiingereza, alimwita anti na kumjibu kwa Kiswahili. Baadaye Nadine alimtuma dukani kununua sukari. Tukabaki wawili jikoni, nikaanza kukohoa ili niseme nililokuja kusema.

Alinitangulia. Alinisogezea kiti, akapunguza sauti ingawa nyumba ilikuwa tupu. "Bwana yako ni mutu ya bei," alisema. "Alipokea mutoto yenye haikukuwa yake. Mi sikuambia mutu. Hata kaka yangu hajue."

Nilimuuliza mtoto yupi. Akacheka, akanigonga mkononi. Donc, alisema, kumbe mimi nilidhani yeye ni kipofu. Aliona wiki ile ya mwisho kwamba koo langu halimezi. Msichana wa miaka ishirini na mbili aliyeacha pombe ghafla, anaficha, rangi imemtoka, anamkwepa macho hata yaya yake. Alijua palepale. Alingoja nimwambie, nilipokaa kimya akaona ni aibu, akaamua kunisitiri. Ndiyo maana alichukua glasi zangu. Alikunywa zake na zangu ili pombe isimfikie mtoto, na siku ya ajali jambo moja tu lilikuwa kichwani mwake, waokoe mimba kwanza. Tangu alipomsikia kwenye simu, alisema, kila goti linapomuuma wakati wa baridi anasema jina la Belise, na maumivu yanapata maana. "Ule mutoto ni yetu," alisema. "Mi nililipa mbele."

Nataka niseme ukweli wa dakika ile. Niliona mlango wa kutokea. Ningeweza kushika mkono wake, nilie, nimwambie asante yaya, na angenipenda hadi kufa, na Belise angekuwa na mama wa pili Buffalo. Miezi haikubaliani, lakini yeye hakuwahi kuihesabu. Ningenyamaza kwa mara ya pili na safari hii ingeitwa huruma. Nadhani hilo ndilo lililonitisha, kwamba lilikuwa rahisi vilevile.

Nikamwambia. Nilimwambia habari za stoo, kiatu, na Deriki juu ya kreti. Nilimwambia kwamba nilijua kilichokuwa ndani ya chupa zile kwa siku nane, kwamba nilimtazama anakunywa na nikahesabu. Nilimwambia hapakuwa na mimba. Uso wake haukuonyesha hasira, na ningeilipia hasira ile bei yoyote. Alikuwa ananyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja, mbele na nyuma.

"Belise alizaliwa mwezi gani?"

"Wa tano, yaya. Si mwaka ule. Mwaka uliofuata."

Akahesabu kwa vidole, midomo ikitembea. Alihesabu mara mbili. Kisha akaushika mguu wa kushoto kwa mikono yote miwili, juu ya goti, akaushusha kutoka kwenye kigoda alichokuwa ameuegesha.

"Bon," alisema. "Sasa huu nilipatia nani?"

Tulisikia miguu ya Belise kwenye ngazi, anapanda haraka, anaimba. Aligonga mlango, akaita anti. Nadine hakugeuza kichwa. Akagonga tena.

"Fungua weye," Nadine aliniambia. "Ni mutoto yako."